Sanamu ya Njia Panda na Majina Yasiyoandikwa

Somo: Yoshua 4, 1–9 na 19–24



Katika kitabu cha Yoshua twasoma habari ya mawe kumi na mawili. Wana wa Israeli walikuwa wamefika ukingo wa Yordani wakati mto umefurika, naye Mungu akayazuia maji hata wakavuka kwa miguu mikavu. Ndipo wakachaguliwa watu kumi na wawili, mmoja wa kila kabila. Kila mtu akatwaa jiwe katikati ya mto, akalichukua begani, wakayasimamisha huko Gilgali. Hatusomi ya kuwa mchongaji aliyachonga, wala ya kuwa jina la mtu liliandikwa juu yake. Lakini Yoshua aliwaagiza neno moja kubwa, ya kwamba siku zijazo watoto watawauliza baba zao maana ya mawe yale, nao baba wawaeleze habari za mto na za Mungu aliyeukausha.

Liangalieni sana neno hili. Jiwe halikumbuki kitu. Mvua hulinyeshea na jua hulichoma, nalo halijui lililotendeka mtoni. Akumbukaye ni mtu. Kazi ya jiwe ni kumfanya mtoto aulize. Na baba asipojibu, jiwe limesimama bure.

Nawaandikia haya kwa sababu vijana wetu wengi wa Mpuguso na wa Rungwe yote hushuka Dar es Salaam kusoma na kutafuta kazi, na katikati ya mji ule, penye njia panda ya barabara ya Samora, huiona sanamu kubwa ya shaba: askari Mwafrika amevaa sare, ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza upande wa bandari. Wakirudi nyumbani huwauliza waalimu wao, Je, si hiyo sanamu iliyokatazwa katika amri za Mungu? Wengine huuliza, Huyu askari ni nani hasa? Maswali haya mawili yote ni mema, nasi yatupasa kuyajibu.

Kwanza, habari ya amri. Mungu alikataza watu wasijifanyie sanamu ya kuiinamia na kuitumikia. Lakini Mungu huyo huyo alimwagiza Musa kutengeneza nyoka ya shaba na kuitundika juu ya mti, ili waliogongwa na nyoka jangwani waitazame wapate kupona. Baada ya miaka mingi watu wakaanza kuifukizia uvumba nyoka ile ile, ndipo mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande. Shaba haikubadilika. Kilichobadilika ni mioyo ya watu.

Hata baba yetu Martin Luther alikutana na jambo hili. Mwanzo wa mwaka 1522, alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuziondoa sanamu makanisani kwa nguvu na ghasia. Mwezi Machi akarudi, akahubiri kwa siku nane mfululizo. Hakuzisifu sanamu, tena alisema ingekuwa heri kama zisingekuwako, kwa vile watu walivyozitumia vibaya. Lakini alifundisha ya kuwa sanamu huondolewa kwanza moyoni kwa Neno la Mungu, wala si kwa shoka na kelele. Maana watu wengine wamelisujudia jua na mwezi, wala hatupandi mbinguni kuvishusha. Basi sisi Walutheri hatumwambii kijana ya kuwa ametenda dhambi kwa kupita chini ya sanamu ya askari. Twamwambia aitazame kwa macho ya Mkristo, akijiuliza mambo mawili: sanamu hii yanitaka nimheshimu nani? Na je, inanifanya nimsahau nani?

Tukiuliza hivyo, twaona ya kuwa katika mji wa Dar es Salaam palisimamishwa sanamu mbili, moja baada ya nyingine, nazo hazisemi neno moja.

Ya kwanza ilisimamishwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu, nayo ilikuwa ya Hermann von Wissmann. Huyu ndiye aliyetumwa kuwapiga watu wa pwani walipoondoka na Abushiri, naye Abushiri akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Baadaye akawa gavana. Wazee wetu wa kando ya ziwa walilijua jina lake kwa sababu ya meli, kwa kuwa meli iliyoitwa kwa jina lake ilisafiri katika Ziwa Nyasa. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu kabisa kama bwana mshindi, na chini yake alisimama askari Mwafrika, akimwinulia macho. Mpita njia alifundishwa kwa shaba nani ni wa juu na nani ni wa chini.

Lakini utukufu ule ulikaa miaka michache tu. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 waliiondoa sanamu ile. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko nako haikupata raha, kwa kuwa mwaka 1968 wanafunzi waliiangusha, wala haikusimamishwa tena mahali pake. Wajukuu wa watu walioijenga ndio walioikataa.

Twasoma ya kuwa mfalme Sauli, alipokwisha kuwapiga Waamaleki, alikwenda Karmeli akajisimamishia ukumbusho, na siku zile zile Bwana alikuwa amekwisha kumkataa kwa ajili ya kutokutii kwake. Tena twasoma ya kuwa Absalomu alijisimamishia nguzo alipokuwa hai, kwa kuwa hakuwa na mwana wa kulikumbusha jina lake. Lakini alizikwa mwituni katika shimo, wakamrundikia mawe mengi. Ajitwaliaye utukufu kwa jiwe na shaba hana hakika ya kesho. Hili halikuwapata Wajerumani peke yao. Ni neno kwa kila mwenye nguvu, mweupe au mweusi, wa jana au wa leo.

Sanamu ya pili ndiyo hii ya askari. Waingereza waliifunua mwaka 1927, nayo ilifanywa na mchongaji wao, James Alexander Stevenson, aliyefanya na zile za ukumbusho wa vita ile ile huko Nairobi na Mombasa. Hapa twaona jambo jipya. Yule aliyekuwa chini akimwangalia bwana amepandishwa juu, na bwana hayupo. Tena maandishi yaliyo katika mnara hayawataji askari peke yao. Yawataja na wapagazi, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi. Mwisho yanamwahidi kila apiganiaye nchi yake ya kuwa hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Ndugu zangu, ahadi ile ni kubwa. Lakini uuzunguke mnara wote, uusome pande zote, wala hutaliona jina hata moja la askari aliyekufa, wala la mpagazi. Imeandikwa ya kuwa jina litakumbukwa, na jina halikuandikwa.

Msidhani ya kuwa nafasi katika jiwe ilikuwa ndogo. Mzungu aliyekufa katika vita ile aliwekewa jiwe lenye jina lake, au jina lake liliandikwa katika ukuta wa ukumbusho. Wapagazi, na askari Waafrika wengi, hawakuwekewa. Wakubwa wa siku zile walifikiri ya kuwa Mwafrika hajafika mahali pa kujua thamani ya kaburi lenye jina, wakaona mnara mmoja wa wote unatosha. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yenye kazi ya kutunza makaburi hayo, ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Miaka zaidi ya mia ilipita kabla neno hilo halijakiriwa wazi. Mjini Dar es Salaam mtaa wa Kariakoo walichukua jina la kikosi chao cha wapagazi. Leo watu hununua nguo na ndizi pale kila siku, na wengi hawajui ya kuwa jina lile ni la watu waliochukua mizigo ya vita vichwani.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Katika nchi yetu palikuwa na askari wa Wajerumani kule Masoko, penye ziwa. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasaland, yakalitwaa boma la Tukuyu, lililoitwa siku zile Neu Langenburg. Mabwana wa kwanza walichukua watu wa kubeba mizigo, na mabwana wa pili wakachukua pia. Walibeba unga, risasi, dawa na wagonjwa, wakapita milimani na katika mabonde ya homa. Wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Vita haikuwa yao. Hawakuulizwa kama waitaka. Walipokufa njiani, wenzao waliwafunika kwa majani au kwa udongo kidogo, wakaendelea, kwa kuwa safari haikungoja.

Siku hizo hizo wamisionari wa Berlin walichukuliwa kuwa wafungwa, na sharika za Konde zikabaki bila wachungaji. Ndugu wa Kiskoti wa Livingstonia walikuja kusaidia, lakini hawakuweza kuwako kila mahali. Waliofungua shule asubuhi, wakagonga kengele, wakawafundisha watoto Amri Kumi na Baba Yetu, walikuwa waalimu wetu weusi na wazee wa kanisa. Baadhi yao twawajua; wengine tumekwisha kuwasahau, na sisi twakaa katika nyumba waliyoilinda.

Kuna sanamu nyingine iliyo mahali pa watu, nayo yatufundisha njia iliyo bora. Iko Mkunazini, mjini Zanzibar, katika kiwanja cha kanisa kuu la Waanglikana, hapo palipokuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Mwaka 1998 mchongaji mmoja wa kike, Clara Sörnäs, aliwafanya pale watumwa watano wa saruji, wenye minyororo shingoni. Hakuwapandisha juu ya mnara. Aliwasimamisha ndani ya shimo. Aliyeitazama sanamu ya Wissmann alipaswa kuinua kichwa. Awatazamaye watumwa wa Mkunazini hana budi kuinama. Huko hakuna anayejisifu. Mtu hutazama, akanyamaza, moyo wake ukamwuliza yeye alikuwa wapi ndugu yake alipouzwa, na leo yuko wapi ndugu yake anapoonewa.

Nami nikifikiri habari ya kuinama na ya majina, nafikishwa penye msalaba wa Bwana wetu. Mwinjilisti Yohana asema ya kuwa mahali aliposulubiwa Yesu palikuwa karibu na mji, na watu wengi waliyasoma maandishi yaliyowekwa juu ya msalaba, yaliyoandikwa kwa lugha tatu: Kiebrania, Kirumi na Kiyunani. Mnara wa askari nao una maandishi ya lugha zaidi ya moja, Kiswahili na Kiingereza. Waandikao kwa lugha zaidi ya moja wataka kila apitaye asome. Lakini tazameni tofauti. Juu ya msalaba liliandikwa jina: Yesu, wa Nazareti. Pilato aliyaandika yale kwa sababu zake, lakini aliandika kweli. Hapo Mungu alimwinua katikati ya njia ya watu, si mshindi aliyekanyaga wengine, ila Mwana wake aliyechukua mzigo usio wake. Alifanywa mpagazi kwa ajili yetu. Aliubeba mti wake mwenyewe akatoka nje ya mji, naye alizibeba dhambi zetu pamoja nao.

Kwa hiyo twaweza kusema kwa imani, ya kuwa mpagazi aliyeanguka njiani bila kaburi hakuanguka machoni pa Mungu. Mungu alimwambia Sayuni kwa kinywa cha Isaya ya kuwa amemchora katika viganja vya mikono yake. Na wale sabini waliporudi wakifurahi kwa ajili ya mambo makubwa waliyoyatenda, Bwana aliwafundisha wafurahie zaidi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Hatujui hesabu za Mungu juu ya kila mtu, wala si kazi yetu kuzifungua. Lakini twajua ya kuwa yeye hahitaji shaba ili akumbuke.

Basi, kama Mungu akumbuka, sisi tukae kimya? Hasha. Mungu akumbukaye ndiye aliyewaagiza baba wa Israeli wawajibu watoto. Nawapa shauri la mambo matatu.

La kwanza ni lenu ninyi waalimu. Chukueni daftari, mwende katika nyumba za washarika wenu. Waulizeni wazee, Nani wa ukoo wenu alikwenda na mizigo katika Vita Kuu? Nani hakurudi? Aliitwa nani, na baba yake nani, alitoka kijiji gani? Nani alishika shule wamisionari walipochukuliwa? Msibague aliyetumika kwa Wajerumani na aliyetumika kwa Waingereza, wala aliyebatizwa na asiyebatizwa. Wote walikuwa watu walioumbwa na Mungu. Fanyeni kazi hii upesi. Wana wa wapagazi wale wametutoka, na wajukuu wao nao wamekuwa wazee wenye kutembea kwa fimbo. Tukimzika mmoja wao, pengine twazika pamoja naye jina ambalo hakuna mwingine alijuaye duniani.

La pili ni la usharika wote. Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, tunapowakumbuka waliolala, majina hayo yasomwe. Najua kuna watu wenye dhamiri nyepesi watakaoogopa, wakisema, Je, huku si kurudi kwenye tambiko? Nawasifu kwa hofu yao, kwa kuwa wazee wetu waliacha vichaka visikatwe mahali walipozikwa wakuu, wakaenda huko kuwaomba mvua na afya. Lakini sisi hatuwaombi wafu neno lolote, hatuwapi kitu, wala hatuwaogopi. Twawataja mbele ya Mungu aliye hai, twamshukuru kwa kazi zao, twamwomba atuhurumie sisi tulio hai. Tambiko humwomba aliyekufa. Shukrani humwomba Mungu. Mwalimu awaeleze watu hivyo kabla ya kusoma, ili asiwepo wa kukwazwa.

La tatu ni la kutuaibisha kidogo. Tunapojenga kanisa hapa kwetu, huweka jiwe la msingi, tukachora juu yake jina la mgeni mwenye cheo aliyelifungua, na pengine jina la aliyetoa fedha nyingi. Sikatazi heshima kwa mgeni. Lakini nani aliyebeba mchanga kutoka mtoni? Nani aliyepandisha matofali kilimani na maji ya kukorogea udongo? Ni mama zetu na watoto wa shule, kwa vichwa vyao. Twawalaumu watu wa kale kwa kuwaacha wapagazi bila majina, na sisi twafanya vivyo hivyo mbele ya mlango wa nyumba ya Mungu. Kama jiwe ni dogo, usharika una kitabu. Majina ya wabebaji yaandikwe humo, na siku ya kuweka jiwe yasomwe yote, hata kama mgeni mkubwa atangoja kidogo kwenye kiti chake.

Na vijana wetu walioko Dar es Salaam nawaambia, Msiipite sanamu ile kama ng'ombe apitaye penye mti. Simameni kidogo kando ya njia, mkitazama magari, mkayasome maandishi. Kisha andikeni barua nyumbani, au mpige simu, mkamwulize babu au bibi, Huyu aliyesimama hapa, kwetu aliitwa nani? Kama mtalipata jina moja, ile ahadi iliyoandikwa katika mnara mwaka 1927 itakuwa imeanza kutimizwa, nanyi ndio mtakaoitimiza.

Bwana Yesu, mwenye kuwajua walio wake na kuwaita kwa majina, aifungue midomo ya baba wajibu, na masikio ya watoto wasikie. Naye atuhesabu sisi sote katika kitabu cha uzima, kwa rehema zake. Amina.